Mwewe wa Mama

Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba mama yangu alizikwa Machochwe, na mimi nilifika wakati watu wanakung'uta udongo kwenye majembe. Uso wake sikuuona. Mkamwana wake wa pale alikoolewa mara ya pili aliniletea mfuko, akasema humo mna vitu ambavyo marehemu aliagiza apewe Ghati. Ghati ni mimi. Mlikuwa na kitenge kimoja na kipande cha pembe ya ng'ombe, kifupi kama kiganja, kilichokatwa ncha, cheusi na laini kwa kushikwa. Yule mwanamke aliniomba radhi. Hawakujua ni kitu gani wala kwa nini mama alikilaza chini ya mto wake miaka yote. Wengine walifikiri ni dawa, wakataka kukitupa.

Nilikinusa. Kilikuwa na vumbi na moshi kidogo, basi. Lakini mdomo wangu ulijaa mate pale pale kaburini, mbele ya watu wenye msiba, na nikaona aibu nikageukia migomba.

Nina zaidi ya miaka sabini. Tangu nilipotengana na mama nikiwa mtoto nilikutana naye mara mbili tu, na mara zote mbili tulizungumzia mvua. Juu ya pembe hii sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo nitaandika mambo kama yalivyofuatana.

Tuliishi Tarime, upande wa milimani kwenye baridi, miaka michache kabla ya uhuru. Katika mji wetu tulikuwa watatu: bibi, mama na mimi. Bibi alikuwa amezaa mabinti watupu na wote walikwisha kuolewa. Mwanamke wa namna hiyo, kwa desturi yetu, halazimiki kukaa akisubiri nyumba yake ifungwe. Alitoa ng'ombe akamwoa mama yangu, ili azae watoto wa kiume kwa jina la nyumba ile. Tunaiita nyumba ntobhu. Mama alikuwa mkamwana wa bibi, mke wa mwana ambaye hakuwahi kuwapo. Mwanamume wa kumzalisha alichaguliwa na bibi mwenyewe. Jina lake Marwa, mtu mpole mwenye mguu mmoja mfupi, na alikuwa na mji wake na wake zake ng'ambo ya kijito. Alikuja, akala, akalala, akaondoka. Mimi nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kati yetu yakaishia hapo.

Siku moja nilimwuliza bibi baba yangu yuko wapi. Alikuwa anapepeta ulezi, na hakunyanyua macho.

"Hajazaliwa," alisema.

Nililichukua neno hilo kama lilivyo. Tumbo la mama lilipoanza kuonekana, na wanawake waliopita wakilitazama wakisema safari hii ni mwenye mji, nikaelewa kwamba baba yangu yumo humo ndani. Sikumwambia mtu kwa sababu niliona kila mtu anajua. Nilikuwa nikikaa karibu na mama jioni na kulitazama lile tumbo kwa heshima, na mara moja, mama akiwa amesinzia, nililiamkia.

Bibi naye alilitazama, lakini kwa jicho lingine. Mama alikuwa amezaa mara mbili kabla, mimi na msichana mwingine aliyekufa kwa surua. Bibi alimwambia waziwazi, wakikoboa mahindi, kwamba akizaa wa kiume atakufa katika nyumba hii akiwa mzee, na asipozaa wa kiume atarudi kwao, na Ghati atabaki kwa sababu Ghati ni wa ng'ombe wake. Aliyasema bila hasira, na mama akaitikia, "Ndiyo, mama."

Sasa niseme habari za chakula, maana ndicho kilichotuvunja.

Katika nyumba ya bibi mwanamke hakula kuku wala yai. Kwa majirani waliokuwa wameanza kusali desturi hiyo ilikuwa inalegea, lakini kwetu ilikuwa bado ngumu kama jiwe la kusagia. Kuku tuliwafuga, tukawahesabu kila jioni, na tukampikia Marwa. Firigisi ilikuwa yake, na mifupa alikwenda kuitupa mwenyewe. Mwanamke mwenye mimba ndiye aliyekatazwa zaidi. Bibi alisema kuku kazi yake ni kuchakura, na mwanamke mwenye mimba akimla, mtoto naye huchakura humo tumboni mpaka ajitoe.

Mama alikuwa na mapishi mengine. Usichana wake aliishi kwa mjomba wake kwenye mgodi wa dhahabu, ambako mjomba alikuwa dobi wa mzungu mmoja, na mama akichota maji ya jikoni. Huko alimwona mpishi akikatakata nyama na kuijaza kwenye utumbo. Ya mzungu ilikuwa ya nguruwe. Mama alikuja kwenye ndoa yake na ujuzi huo, na neno lake, soseji, na hiyo pembe.

Siku ya gulio mchinjaji alimpa utumbo mwembamba wa mbuzi, naye akampa kibuyu cha maziwa mgando. Aliugeuza utumbo nje ndani kwa kijiti, akauosha kwa majivu na chumvi mpaka ukawa mweupe kama karatasi. Nyama aliikata kwa kisu juu ya jiwe bapa, akaikata tena na tena mpaka ikashikana. Akachanganya na vitunguu na majani yake, mgagani uliokwisha kuchemshwa ukamwagwa maji machungu, kiazi kitamu kidogo kilichopondwa, damu, na mafuta ya mkia wa kondoo. Kisha pembe iliingia mdomoni mwa utumbo, na kidole gumba cha mama kikaisukuma nyama ndani kupitia humo. Kazi yangu ilikuwa kushika upande wa pili, na kufunga kwa uzi wa katani pale aliponionyesha kwa kidevu. Akatoboatoboa kwa mwiba ili isipasuke, akaichemsha, halafu akailaza kwenye kigae juu ya makaa mpaka ngozi ikalia. Mwisho aliikata vipande akaitia kwenye chungu cha kunde na boga vilivyopikwa kwa maziwa. Tulikula na ugali wa ulezi. Sijala chakula kizuri kama kile tena, na nimekula kwenye harusi nyingi.

Bibi alikipenda. Aliamini ni mbuzi, kwa sababu utumbo aliuona ukiletwa kutoka gulioni na hakuuliza zaidi. Alisema wazungu hawajui kusalimia watu lakini tumbo wanalijua. Alinyonya vidole kimoja kimoja, kisha akasogeza chungu upande wa mama.

"Kula, mkamwana," alisema. "Kula umshibishe huyo."

Mama akala.

Nyama ya ndani ilikuwa ya kuku. Mimi nilijua. Bibi alipokwenda shamba la mbali mama alikamata mtetea mmoja, akamchinjia nyuma ya kihenge na kuyafukia manyoya. Mara ya kwanza nilimkuta akichimba kwa mikono. Hakushtuka. Alinifuta kamasi kwa kidole kilichokuwa na damu, akaniambia anamtafutia mwenye mji mifupa, kwa sababu mboga peke yake haziwezi kuujenga mfupa.

"Lakini ukisema," akaniambia, "mwenye mji hatazaliwa."

Nikafunga mdomo.

Jioni bibi akahesabu kuku. Mama akasema ni mwewe. Kulinda kuku ilikuwa kazi yangu, kwa hiyo bibi akachukua fimbo. Alinichapa miguuni, polepole, huku akiniuliza nilikuwa natazama wapi, mbinguni au matakoni kwangu. Nilimtazama mama. Alikuwa anasonga ugali, na mgongo wake haukugeuka. Tulipokula alinipa kile kifundo cha mwisho cha soseji, pale ngozi inapokunjamana na mafuta yanajikusanya, ambacho siku zote nilikigombea. Hiyo ndiyo ilikuwa pole yake. Nikakila, miguu ikiniwaka, na kilikuwa kitamu.

Mwewe alikuja tena baada ya gulio la pili, na tena baada ya hapo. Bibi akaanza kumshangaa.

"Mwewe gani huyu anabeba mtetea mzima?"

"Ni mkubwa, mama," mama alisema. "Mabawa yake kama ungo."

Bibi akakusanya mawe, akayapanga mlangoni. Alikaa jua kali akiangalia juu, mkono mmoja umeshika jiwe na mwingine umekinga macho, mwanamke mzee anamvizia ndege ambaye hayupo. Mama alipopita na mtungi wa maji aliuma midomo asicheke, nami pia. Tulikuwa wawili na siri yetu. Lakini jioni ile aliyechapwa alikuwa mmoja. Mara ya tatu fimbo ilinichana nyuma ya goti, na kovu lipo. Mara ile mama alinipa vifundo viwili.

Uchungu ulimshika mama alfajiri ya siku moja na ukamwachia kesho yake mchana. Mkunga alitoka nje akanawa mikono kwa muda mrefu. Bibi aliingia. Alitoka amebeba kitu ndani ya kaniki, akaketi kwenye kivuli cha nyumba, akafunua. Nilisogea. Alikuwa mtoto mkubwa, mwenye nywele nyingi, na midomo ya bluu. Bibi alimpanua mapaja akatazama, akaona ni wa kiume, akafunika. Hakulia. Nilimwuliza mkunga kama huyo ndiye baba, naye akanizaba kibao akidhani nafanya utani.

Walimzika karibu na ukuta. Mimi nilisimama pale nikifikiri. Sikuwa nimesema. Nilichapwa mara tatu na sikusema, hata neno moja, na bado hakuzaliwa vizuri. Kwa hiyo mama alinidanganya. Nilirudia hivyo kichwani siku ile na siku ya pili, na kila nilipopita mlango wa chumba alimolala nilipita bila kuchungulia. Aliniita mara moja, sauti yake ndogo, anataka maji. Nilisikia. Nilikwenda kucheza.

Siku ya tatu bibi aliniita nje. Alinipaka mafuta kichwani, akanimiminia maziwa kwenye kibuyu chake mwenyewe, akaniita mke mwenzangu. Jina hilo alilitumia anapokuwa na haja.

"Mke mwenzangu, mama yako alikula kuku?"

"Hapana, bibi."

"Alikula nini?"

"Tulichokula wote. Soseji."

"Ile ya mbuzi."

"Mbuzi ni utumbo tu," nikasema.

Aliacha kunipaka mafuta. Akaniuliza kwa upole ndani huwa mnatiwa nini, nami nikaona raha kuulizwa jambo na mtu mzima. Nikakimbia jikoni kuleta pembe. Nikachota matope penye mtungi, nikachuna ganda la mgomba nikalikunja kama utumbo, nikamwonyesha: unashika hivi, unasukuma kwa kidole gumba, mwenzako anafunga huku. Nilikuwa fundi. Nilimwonyesha na mahali pa kutoboa.

"Na nyama?" aliuliza bibi. "Nyama ya nini?"

"Ile anayochukua mwewe."

Kuku walikuwa wanachakura karibu na miguu yetu.

"Mwewe gani, Ghati?"

"Hakuna mwewe, bibi. Mwewe ni mama."

Maisha yangu yote nimejitetea moyoni kwamba nilikuwa mtoto, kwamba kwangu soseji ilikuwa soseji na kuku alikuwa kuku. Ni kweli, mpaka kwenye yale matope. Lakini hilo la mwewe nililijua. Nilijua ni la kufichwa, nilijua litamwumiza, na nililisema kwa sauti kubwa, uso wangu ukielekea mlango wa chumba chake, ili asikie.

Bibi aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia akijitia vidole kooni, anatafuta kutapika chakula alichokula miezi iliyopita. Aliporudi alinawa mdomo, akasimama kwenye mlango wa mama.

"Umenilisha kuku," alisema. "Mimi na mwanangu, wote umetulisha kuku."

"Uliniambia nile nimshibishe, mama."

"Umeila nyumba yangu."

Marwa aliitwa. Alisimama uani, uzito wake wote kwenye mguu mzima, akasikiliza. Alisema siku hizi wanawake wengi wanakula kuku, hata wa kule misheni, na wanazaa. Alisema kwa shida, kama mtu anayeomba chumvi. Bibi alimwambia kazi yake ilikuwa moja tu na hakuimaliza, basi aende akachechemee kwa wake zake. Akaenda. Ile ndiyo siku pekee aliyoondoka kwetu bila kula, na sikumsikia tena akitaja jina la mama.

Nilidhani bibi atamchapa mama. Hakumgusa. Alikamata mtetea mwenyewe akamtupa miguuni mwake.

"Pika," alisema. "Nataka nione mwewe anavyofanya kazi."

Utumbo ulikuwapo, umekaushwa juu ya moshi. Mama alitoka ameshika ukuta. Maziwa yalikuwa yamekuja, ya mtoto ambaye hayupo, na nguo yake ilikuwa imelowa kifuani. Alichinja, akanyonyoa, akakata nyama juu ya lile jiwe, akaikata tena na tena kama kawaida. Hakufanya haraka wala hakuharibu. Alionja chumvi. Ulipofika wakati wa kujaza alinyoosha kidevu, na mimi nikaja nikashika upande wa pili, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mikono yetu ilikuwa karibu. Kidole chake gumba kilisukuma, nami nikafunga.

Alipika na mboga, alisonga na ugali, akaandaa mbele ya bibi, akapiga goti kama mkamwana anavyopaswa. Harufu ilikuwa ile ile. Bibi alimwita mbwa wetu aje. Alichukua kipande kimoja akamrushia, akasubiri ameze, akachukua kingine. Alifanya hivyo mpaka chungu kikabaki na mboga, na mboga nazo akamwaga. Mama alikuwa bado amepiga goti. Bibi alipofika kwenye kifundo cha mwisho, mkono wangu ulinyooka wenyewe. Sikuutuma. Bibi aliuona, na kwa mara ya kwanza tangu kifo cha mtoto akacheka.

"Huyu naye ni kifaranga cha mwewe," alisema, akampa mbwa.

Asubuhi mama alifukuzwa. Kutoka kwetu mpaka kwao ni kushuka milima, kuvuka mto Mara, na kutembea tena. Alikuwa katika siku ya nne tangu ajifungue. Hakuruhusiwa kuchukua chungu wala kisu. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mafiga na ile pembe mkononi, naikwangua matope yaliyokauka ndani, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Alifika mpaka kwenye ua, akageuka, akarudi. Bibi alisimama. Nilifikiri mama anakuja kunichukua, au kunipiga. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Nipe pembe yangu," alisema.

Nikampa. Aliifuta mdomo kwa ncha ya kanga yake, kama alivyofanya kila alipotaka kuanza kazi, akaifunga kiunoni, akaondoka. Ningependa kuandika kwamba aligeuka tena kule chini kwenye njia. Hakugeuka.

Bibi aliniweka kulinda vifaranga, maana kuku mmoja alikuwa ametotoa. Nilikaa mlangoni penye mawe yake. Siku mbili zilipita. Siku ya tatu, jua likiwa bado juu, kivuli kilipita uani, kuku akalia, na kabla sijaelewa, ndege alikuwa ameshuka na kupaa. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomtarajia, wa rangi ya majani makavu, na mabawa yake hayakufika hata nusu ya ungo. Kifaranga kilikuwa kinaning'inia kwenye kucha zake. Nilirusha jiwe, nikapiga kelele, nikamwita bibi: mwewe, mwewe!

Bibi alitoka. Alihesabu vifaranga, akarudia kuhesabu. Akatazama mbinguni, na mbinguni hapakuwa na kitu. Kisha akanishika kidevu, akanifungua mdomo akachungulia ndani.

"Umekila na nani?" aliniuliza.